Kijiko cha Mbegu Kavu

Baba yangu hajawahi kuyaheshimu majani. Kwake chakula ni wali, na wali wenyewe uwe mweupe kabisa. Lengalenga, mchicha wetu, aliiita chakula cha mbuzi. Sombe, yaani kisamvu, aliila, lakini kwa masharti: iwe imezama ndani ya mawese pamoja na samaki wa moshi, na hata hapo aliisogeza pembeni kwa vidole akimtafuta samaki. Maji aliyaona kuwa kitu cha kutawadhia. Matokeo ya mwenendo huo nyumba nzima iliyajua, ingawa hakuna aliyeyasema: Baba aliingia chooni na redio yake ndogo, na taarifa ya habari ilikwisha kabla hajatoka.

Nasema haya kwa heshima. Ananiita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na nikimgombeza huwaambia watu kwamba mama yake amefufuka ili amalizie viboko alivyobakiza. Mimi nauza mchele sokoni Kasongo, na wanaonijua pale hawatashangaa nikisema kwamba wakati wa kugawiwa subira nilichelewa kufika. Baba na Mama wanakaa Kabambare, katika nyumba niliyozaliwa, ambako Baba alifundisha chuo cha Kurani mpaka macho yalipoanza kumchanganyia herufi.

Mbali na tumbo lake, Baba ana tansio, ile ambayo wengine huiita presha, na kwa ajili hiyo anameza vidonge kila siku. Ramadhani moja alianguka uani akitawadha kwa sala ya alasiri. Tulimwokota amelowa, ulimi mkavu, hajui ni saa ngapi. Muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke wa maneno machache, alimwambia wazi kwamba kufunga kumemwishia. Dawa zake zinataka maji na chakula, na mwili wake hauwezi tena kukaa mkavu kutwa nzima. Baba alimshukuru, akamwombea dua ndefu. Hakusema ndiyo. Sisi tulidhani amesema.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Baba hakuwa amekula mchana wa Ramadhani tangu alipokuwa mtoto wa kuamia ndege katika shamba la mpunga la baba yake. Aliwahi kufunga akiwa na homa, aliwahi kufunga safarini kwa miguu, na mwaka tuliokimbia vita alifunga porini ambako hata futari haikuwa na uhakika. Ukimwondolea funga, ni kama umemwambia avue kanzu sokoni. Na mimi nilitaka kitu kimoja tu, abaki hai. Kwa hiyo tulikuwa tunavutana, mimi na yeye, kwa upole, bila kutajana.

Miezi kadhaa baada ya kuanguka kwake, dada yangu mkubwa aliyeolewa Bukavu alimtumia mbegu. Zilikuja na mfanyabiashara, zimefungwa katika mfuko wa plastiki: ndogo, za kahawia, zinang'aa, bapa. Baba alizimwaga kiganjani akasema dada ametutumia kunguni. Nilikuwa nimekwenda Kabambare kupeleka mchele wa Ramadhani, maana mwezi ulikuwa unakaribia, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu.

Dada alituma ujumbe wa sauti kwa simu. Alisema ni mbegu za kitani. Kitani Baba alikijua kama kitambaa, akauliza kama sasa tumefika mahali pa kula nguo. Dada aliendelea: zitwangwe kwanza, kwa maana zikiwa nzima hupita tumboni kama abiria aliyelala na kutoka kama zilivyoingia. Kijiko kimoja kwa siku. Ziloweshwe, kisha Baba anywe na maji mengi juu yake. Asizinywe wakati mmoja na vidonge vyake, apitishe muda katikati, kwa sababu ule utelezi wake unaweza kuizuia dawa isiingie mwilini. Zitamlainishia choo. Zina mafuta mema kwa moyo, na kwa watu wengine presha hushuka kidogo, lakini vidonge visiachwe.

Baba alisikiliza ujumbe mara mbili, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi anayesoma. Hakukosa hata neno. Tatizo la Baba halijawahi kuwa kusikia. Tatizo lake ni kwamba akishasikia, huanza kufikiri.

Aliomba kikombe cha maji, akatia kijiko cha mbegu, akaketi kuzitazama. Tuliendelea na kazi zetu, tukarudi, bado anazitazama. Maji yalianza kuwa mazito, kisha yakawa ute, kama maji ya bamia. Mbegu zilikuwa zimevaa koti la utelezi, na kikombe kilichokuwa na nafasi sasa kilionekana kimejaa. Baba alikigeuza polepole na ute ukasogea wote kwa pamoja. Uso wake ulichangamka kwa namna ambayo sikuipenda.

"Kama inavimba mu kikombe, itavimba mu tumbo," akasema. "Na tumbo ikijaa, njaa itakaa wapi?"

Nilimwambia kwamba mbegu zimetumwa kwa ajili ya choo, si kwa ajili ya njaa. Nikamkumbusha muuguzi. Alitabasamu, akaniambia mama yake naye alikuwa hivyohivyo, akiona moshi anasema nyumba imeungua. Mama alikichukua kile kikombe. Baba alisema amwage. Mama alijibu kwamba chakula hakimwagwi, akakinywa chote kwa utulivu, akakunja uso kidogo, kisha akainuka huku ameshika ukuta, mkono mmoja gotini, akaenda kuchochea moto.

Nilirudi Kasongo. Kabla ya kupanda pikipiki nilimkabidhi Mama kazi ya kumchunga Baba asifunge, kana kwamba Mama alikuwa amekaa bure akisubiri kazi.

Bila shaka Baba alifunga. Alimwambia Mama kwamba anajaribu siku ya kwanza tu, na siku ya kwanza ilipopita vizuri akaona mbegu zimemjibu. Njia yake aliitengeneza mwenyewe. Dada alisema zitwangwe. Yeye aliona kuzitwanga ni kuzivunja nguvu. Dada alisema ziloweshwe. Yeye aliona kwamba zikilowa kabla, zitamaliza kuvimba ndani ya kikombe, na uvimbe anaoutaka ni wa tumboni, tena uchelewe, umfikishe mpaka magharibi. Basi wakati wa daku alikula wali wake, akameza vidonge vyake, kisha akabugia mbegu kavu na kuzisukuma kwa funda moja la maji. Kijiko kimoja kikawa viwili. Mtu mwingine yeyote angekunywa maji baadaye, asubuhi au mchana, na mambo yangejirekebisha. Baba alizimeza mbegu zenye kiu halafu akafunga mdomo mpaka jua lizame.

Mwanzoni alikuwa na furaha. Nilipopiga simu aliniambia njaa haisikii kabisa, na ilikuwa kweli, kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa mbegu ambazo hazikuwa zikienda popote. Redio yake ilimaliza mawe ya betri chooni. Mama, kwa upande wake, kila magharibi alilowesha kijiko kimoja katika kikombe kilekile, akanywa ute wake na maji mengi baada ya futari, wala hakumwambia mtu.

Siku Mama aliponipigia, rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuwa ikikatika, lakini maneno yaliyopita yalitosha. Baba hajapata choo tangu siku nyingi, tumbo limekuwa gumu, amelala mkekani na bado amefunga. Niliondoka alfajiri kwa pikipiki. Barabara ile haina huruma na mtu mzima. Pale Wamaza tulisimama dereva apoze injini, nami nikanywa maji na kula ndizi, maana nilikuwa msafiri, na ruhusa hiyo alinifundisha Baba mwenyewe nikiwa mdogo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Yalikuwa makali sana.

Nilipofika, jua lilikuwa limeanza kulegea. Baba alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa, na maneno yangu yote yakaniishia pale mlangoni. Alifungua macho, akaniuliza kama nilikunywa maji njiani. Nikasema ndiyo. Akasema nimefanya vizuri, Mungu hapendi msafiri ajitese.

Nilimleta muuguzi. Aliubonyeza upande mmoja wa tumbo, kisha mwingine, akaweka kifaa chake na kusikiliza, akampima presha, akauliza Baba amekula nini. Baba aliutazama ukuta. Mama ndiye aliyeeleza habari za vijiko na lile funda la maji. Muuguzi hakugomba. Alituambia kwamba mbegu hizi hazina ubaya, lakini hutafuta maji popote. Zisipopewa, hunyonya yale machache yaliyomo tumboni na kugeuka donge. Na vidonge vya tansio alivyovimeza pamoja nazo, huenda nusu ya nguvu yake imepotelea humohumo, ndiyo maana kipimo cha presha kilipanda namna ile. Anywe maji sasa hivi, kidogo kidogo, bila kuacha. Na kama ataanza kutapika, au usiku ukiingia tumbo halijalegea, abebwe kwenda hospitali, na huko huenda akapasuliwa. Akasema atarudi baada ya magharibi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilimletea Baba kikombe.

"Jua haijaingia," akasema.

Wahenga wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini wahenga hawakuwa na mgonjwa kama huyu. Nilimsihi, nikamlaumu, nikamsihi tena. Nilimkumbusha mjamzito wa jirani aliyemwambia ale, yule mzee mwenye sukari aliyemwambia ale, na mimi mwenyewe aliyenisifu muda si mrefu kwa ndizi yangu ya Wamaza. Nusu ya Kabambare ilikuwa imekula kwa ruhusa ya mdomo wake. Mganga hajigangi, nilimwambia, lakini angalau akubali kugangwa. Alinisikiliza kwa adabu na midomo imebanwa. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nililitazama sikio lile, kubwa, lenye mvi, nikaogopa. Niliogopa kwamba Baba atakufa mbele yetu kwa ajili ya kipande cha jua kilichobaki.

Mama alikuwa jikoni akiandaa futari ya watu wengine. Aliingia bila haraka. Alinipokea kikombe mkononi, nikampisha, nikidhani kwamba yeye anajua namna ya kumfungua mdomo mtu aliyeishi naye umri wote huo. Alijishusha mkekani huku ameshika ukuta. Miguu aliinyoosha mbele yake, na hapo niliona jinsi ilivyovimba, ngozi imekaza mpaka inang'aa. Kisha akakiinua kikombe na kunywa yeye mwenyewe. Alikunywa chote, taratibu, akimtazama Baba usoni.

Baba alijaribu kuinuka. "Bibi, unafanya nini?"

"Nakunywa," Mama akasema. Alijaza tena kutoka kwenye bidoni, lile dumu la maji. "Tangu myaka mingi kichwa inanizunguka mu Ramadhani. Naamuka napika daku, nashinda mu moto, napika futari. Mimi pia niko muzee. Hakuna mutu aliniuliza kama ninaweza."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha. Tulikuwa tumekaa vikao kuhusu funga ya Baba, mimi na dada kwa simu, muuguzi, hata majirani. Mama alikuwa anatupitishia chai katika vikao hivyo. Nilijisikia vibaya, na uchungu wake ninao hata sasa ninapoandika.

Baba aliitazama ile miguu kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuiona, kwa sababu miguu ya Mama kwa kawaida haikai mahali pamoja. Kisha akanyoosha mkono akakipokea kikombe, akasema bismillahi, akanywa. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. Walikaa hivyo, mmoja anajaza, mwingine anakunywa, halafu wanabadilishana. Nje adhana ya magharibi ilikuwa bado.

Muuguzi aliporudi alisema tusubiri asubuhi, tumbo limeanza kusema. Asubuhi lilisema. Habari za choo cha Baba zilipokewa nyumbani kama habari za mtoto aliyezaliwa salama. Dada alipiga kelele za furaha kwenye simu huko Bukavu, na jirani mmoja, bila kujua tunachosherehekea, alitupongeza.

Muuguzi alikaa nasi kidogo siku hiyo. Aliuliza mbegu zilizobaki ziko wapi, na Mama akazitoa, kidogo tu chini ya mfuko. Hapo ndipo siri ya kikombe cha magharibi ilipotoka. Mama alieleza, macho yake chini, kwamba tumbo lake nalo lilikuwa gumu tangu uzazi wa mwisho, na kwamba tangu aanze kunywa ule ute anakwenda choo kila siku bila taabu, ila hakuona kama ni jambo la kusimulia. Muuguzi alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema katika nyumba hii mbegu zimefanya yote mawili zinayoweza kufanya. Alimpima Mama presha, akamwandikia naye vidonge. Akaongeza kwamba mbegu za Bukavu zikiisha tusihuzunike: lengalenga, maharagwe, papai na maji ya kutosha hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo, na hayo hayahitaji mfanyabiashara kuyaleta. Baba aliposikia lengalenga alifumba macho kama mtu anayesomewa hukumu.

Sasa anaila. Anasema ina ladha ya mbuzi aliyekasirika, lakini anaila. Dada bado hutuma mbegu mara mojamoja, na kazi ya kuzitwanga ameichukua Baba. Hana maarifa ya kinu; mbegu humrukia kila upande na kuku wa jirani wamejifunza kuja kwa sauti ya mtwango wake. Wakati wa Ramadhani yeye na Mama hula mchana nyuma ya jiko, wamekaa juu ya mkeka mmoja, na fidia ya funga yao, wali na samaki, hupelekwa kwa mjane wa ng'ambo ya barabara. Siku za mwanzo Baba alikuwa akigeuka kila sauti ya mtu ikipita njiani. Mama alimwambia ageukie sahani.

Mwaka huu nilikuwepo jioni ya kuandama mwezi. Watu walisimama barabarani wakitazama magharibi, na walipouona, sauti ilipita nyumba hadi nyumba mpaka ikatufikia. Baba alikuwa ameketi kizingitini. Alisoma dua yake, akapangusa uso kwa viganja, kisha akabaki akiwatazama waliosimama barabarani, nami nilijua kwamba kutofunga bado kunamuuma. Mama alikuwa anainuka kwenda jikoni, mkono ukutani, kama kawaida.

"Bibi," Baba akasema, "na wewe, mwili iko namna gani?"

Mama alisimama pale pale na mkono wake ukutani. Nilidhani atasema mzima, kama alivyokuwa akijibu maisha yake yote. Alimtazama kwanza kuona kama anataka kweli jibu.

"Miguu inachoka," akasema.

Akarudi akaketi. Baba aliinuka polepole, akaingia jikoni mwenyewe kutafuta kikombe na maji, na tulimsikia huko ndani kwa muda akigongagonga vyombo, kwa sababu hakujua vinakaa wapi.